Kontra ya mpira inaletwa jikoni

Wamama na dada zangu, shule zimefunga, watoto wamejaa nyumbani, na wanaume wetu wameingia katika ule msimu wao wa maneno. Mechi hakuna, lakini kelele imezidi ile ya siku za mechi. Ni kipindi wanachokiita merkato: ekipi zinanunua wachezaji, zinauza wengine, na wale ambao kontra yao imekwisha wanaachwa waende. Katika miezi hii kila mwanaume wa Bunia anakuwa prezida wa ekipi. Mfukoni hana hata franka za sabuni, ila anaweza kukuambia TP Mazembe imuuze nani, kwa dolari ngapi, na pesa hizo zimlete nani.

Mimi nashona nguo barazani, hapa Nyakasanza, na karibu na mashine yangu kuna kinyozi. Kwa hiyo nayasikia yote, nipende nisipende. Na kwa kweli napenda. Niko upande wa Mazembe tangu 2010, walipoifunga Internacional ya Brazil 2-0 wakawa ekipi ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la vilabu. Fainali Inter ya Italia ilitupiga 3-0, hilo nalijua. Lakini mwaka ule hata bibi ambaye hakuwahi kuangalia mpira alijua jina la Kidiaba, na kila uwanja wa shule ulikuwa na mtoto anayerukaruka kwa matako kama yeye.

Ubishi wa merkato una njia zake, na ukiusikiliza miaka mingi unazijua. Kuna anayesema mchezaji aliyelelewa na ekipi hana haki ya kuondoka. Kuna anayesema mchezaji ni kama mbuzi wa sokoni, akipata bei auzwe kabla hajakonda. Kuna mzee mmoja ambaye kwake wachezaji wote wa sasa ni bure, na angetaka Mputu arudi uwanjani hata leo. Mputu Mabi, mnakumbuka, mwaka 2009 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wale wanaocheza humu Afrika. Mzee huyo habishani, yeye anaomboleza tu.

Mtu aliyewapiganisha zaidi ni Fiston Mayele. Mwaka 2021 alitoka AS Vita Club ya Kinshasa akaenda Yanga ya Dar es Salaam, na Djuma Shabani akaenda naye. Mwaka uliotangulia walikuwa wamekwisha kwenda Tuisila Kisinda na Mukoko Tonombe, wote wa Vita. Wasupota wa Vita waliona nyumba yao inabomolewa tofali kwa tofali. Wengine walisema, wafanye nini? Ligi yetu inasimama ovyo. Msimu wa 2022-2023 haukufika hata mwisho. Mchezaji ana watoto kama sisi, na kodi ya nyumba haingoji ligi ianze tena.

Mayele alipofika Tanzania alifunga, akatetema, na Dar es Salaam nzima ikatetema pamoja naye. Msimu wa 2022-2023 alimaliza na mabao 17 katika ligi, sawa na Saido Ntibazonkiza wa Simba, na Yanga ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Dar es Salaam walifungwa na USM Alger 2-1, kule Alger wakashinda 1-0, kombe likapotea kwa bao la ugenini. Halafu merkato ikafika na Mayele akaenda Pyramids ya Misri. Hapo kwa kinyozi palikuwa kama msiba. Yanga imekufa, walisema. Mayele naye amekwenda kupotea huko Misri, walisema.

Yanga haikufa. Ilichukua ubingwa wa Tanzania mwaka uliofuata, na mwaka mwingine tena. Mayele hakupotea. Tarehe 1 Juni 2025, jijini Cairo, alifunga Pyramids ilipoipiga Mamelodi Sundowns 2-1 na kuchukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Sijasikia mtu hata mmoja wa kwa kinyozi akikumbuka alichokisema mwaka 2023. Wasupota hawana deni la maneno yao.

Ningewaacha wabishane hivyo mpaka msimu uanze, kama mwaka huu karatasi isingefika nyumbani kwa dada yangu mkubwa.

Wengi wenu mnamjua mtoto wake wa pili, yule wa mguu wa kushoto. Ana miaka 16. Walikimbia kutoka Djugu mwaka 2018, yeye akiwa bado mdogo, na mpira alijifunza kambini kwa mpira wa matambara na kamba za migomba. Sasa anacheza katika ekipi ya vijana ya mtaa. Siku moja saa za jioni, dada yangu akiwa anasonga bugali, alikuja mtu aliyevaa vizuri, mwenye simu mbili. Alisema yeye ni manaja, ana ekipi ng’ambo ya mpaka inayomtaka mtoto, na gari litaondoka juma lijalo. Alitoa karatasi nne za Kiingereza. Akamwambia dada atie sahihi chini, mahali pa mzazi.

Angalieni mahali alipopita. Hakwenda kwa kocha, wala kwa kinyozi ambako kuna wanaume kumi wanaojua bei ya kila mchezaji wa Kongo. Alikwenda jikoni, kwa mwanamke mwenye mkono wenye unga, saa ambayo mume wake alikuwa bado kazini. Na alikuwa na dolari mia mbili ndani ya bahasha. Dada yangu anauza makala. Dolari mia mbili ni makala ya siku nyingi sana.

Dada hakutia sahihi. Alimwambia kwamba macho yake hayaoni vizuri usiku, amwachie karatasi zilale. Yule mtu hakupenda, lakini aliziacha. Asubuhi zilikuwa juu ya mashine yangu.

Mimi Kiingereza sikijui. Nilizipeleka hatua tano, kwa kinyozi. Na hapo ndipo nilipoanza kuuheshimu ule ubishi wao. Kuna kijana motari aliyesomea Kampala, akazisoma kwa sauti, akizitia katika Kiswahili polepole, na clipa ya kinyozi ikazimwa. Miaka ya kontra: saba. Mshahara: “utapangwa na klabu”. Mtoto akitaka kuondoka kabla ya wakati, familia inarudisha gharama zote, na gharama zenyewe hazikuandikwa ni ngapi. Shule haikutajwa hata kwa neno moja.

Motari hakuwa amefika karatasi ya tatu wakati mzee wa Mputu alipopiga mkono juu ya goti. Miaka saba kwa mtoto? FIFA imekataza! Na ni kweli, imekataza. Sheria ya FIFA inasema kontra ya mchezaji ye yote isizidi miaka mitano, na kwa yule ambaye hajafika miaka 18 isizidi mitatu. Mwingine akasema, tena huyu hawezi kuvushwa mpaka kabisa. Na hilo pia ni kweli: mchezaji wa chini ya miaka 18 hahamishwi kwenda ekipi ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama wazazi wake kuhamia nchi ile kwa jambo lisilohusu mpira. Dada yangu hahamii po pote. Yeye amechoka kuhama.

Wakaendelea. Yule ambaye siku zote husema mchezaji ni mbuzi wa sokoni ndiye aliyejua kwamba wakala lazima awe na leseni ya FIFA, na kwamba kwa mtoto lazima apate kwanza kibali cha maandishi cha mzazi kabla ya kuanza kumwakilisha. Mwingine alijua habari ya mishahara: klabu ikikaa bila kulipa miezi miwili, mchezaji anaiandikia barua, anaipa siku kumi na tano, na isipolipa ana haki ya kuvunja kontra na kuondoka. Walikuwa wameyajua haya miaka yote, wakiyatumia kugombana juu ya watu wa Kinshasa na Lubumbashi wasiowajua. Hakuna aliyekuwa amewahi kuyaleta nyumbani kwake. Niliwauliza kwa nini. Wakacheka, wakasema, mama, haya ni mambo ya mpira.

Mambo ya mpira, na sahihi inaombwa kwa mama.

Nikawakumbusha ubishi wao wenyewe wa mwaka 2011, ambao mpaka leo Mazembe na Simba wakikutana mahali unaamka. Mazembe ilikuwa bingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, 2009 na 2010. Mwaka 2011 ikaitoa Simba ya Tanzania, 3-1 Lubumbashi na 3-2 Dar es Salaam. Simba ikalalamika kwamba Janvier Besala Bokungu alichezeshwa bila haki, kwa sababu ya habari zake na Espérance ya Tunis, ekipi aliyotoka. CAF ikaitoa Mazembe mashindanoni. Mabao sita tuliyofunga hayakutusaidia kitu. Bingwa wa Afrika aliondolewa na karatasi. (Jambo moja jema lilitoka katika mechi zile: Mbwana Samatta alitusumbua sana, na mwaka uleule Mazembe ikaenda kumchukua Simba. Mwaka 2015 tukachukua kombe la Afrika naye, na Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji.)

Kama karatasi iliweza kuiangusha Mazembe yenye pesa na mawakili, itamfanya nini muuza makala?

Na kuna habari ya Feisal Salum wa Zanzibar, anayeitwa Fei Toto, ambayo mimi naipenda zaidi kwa sababu ina mama ndani. Desemba 2022 alitaka kuondoka Yanga. Akaingiza shilingi milioni 112 za Tanzania katika akaunti ya klabu, akaona amejinunua, amekuwa huru. Yanga ikasema kontra yake bado inaendelea. Kamati ya shirikisho la mpira la Tanzania ikasema huyu bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita, kijana hachezi. Mama yake mzazi akasema mbele ya waandishi wa habari, na lile neno lake, kwamba mwanawe alikuwa akila ugali kwa sukari, likazunguka mpaka huku kwetu Ituri. Wasupota walicheka hadi machozi. Wakatengeneza picha, wakatumiana kwa simu.

Mimi sikucheka. Mama yule alisema kwa lugha ya jikoni, kwa kuwa jikoni ndiko mama anakoona kama mtoto wake anatunzwa au hatunzwi. Lakini neno la jikoni halikuweza kuvunja kontra. Kamati haikuuliza alikula nini, iliuliza ameandika nini. Mwishowe Rais Samia mwenyewe aliwaomba Yanga wayamalize, na Juni 2023 kijana akauzwa Azam. Si kila mama atapata rais wa kumsemea. Kama kuna neno juu ya chakula, chumba, shule au dokta, mahali pake ni ndani ya karatasi, kabla ya sahihi.

Baada ya siku mbili za kusoma, ubishi ulirudi, maana wanaume hawa hawawezi kukaa bila huo. Wengine walisema, sawa, karatasi ni mbaya, lakini je, akija mwingine lini? Sisi tuko Bunia. Lubumbashi ni mbali, njia ya gari ni mateso, na wenye macho ya kuchagua wachezaji hawapandi ndege kuja kuangalia uwanja wa vumbi katika jimbo la vita. Mtoto mwenye kipawa huku anaweza kufika miaka 25 akiendesha moto. Afadhali kontra mbaya kuliko kukosa kontra. Neno hili siwezi kulidharau. Lina ukweli ndani yake, na ndilo linalowafanya watu wenye bahasha waje kwetu badala ya kwenda mahali pengine. Mimi nilijibu kwamba kontra mbaya ya miaka saba ingemfikisha miaka 23 akiwa na deni. Motari akasema, mama, ungekuwa mwanaume ungekuwa wakala. Nilimwambia wakala anaweza pia kuwa mwanamke, leseni haiulizi.

Kitu kimoja alichonifundisha huyo motari nataka kocha wa kila mtaa akisikie. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kontra yake ikiwa bado haijaisha, asilimia 5 ya bei hutengwa kwa ajili ya vilabu vyote vilivyomlea tangu miaka 12 mpaka 23. Akiuzwa dolari 100,000, ni dolari 5,000 za kugawanywa. Pesa hiyo ni ya vilabu, si ya familia. Lakini klabu isiyomwandikisha mtoto kisheria haitaonyesha alama yo yote kwamba aliwahi kuwa wake. Ekipi ya mtoto wetu ilikuwa na majina yao katika daftari ya shule, na kurasa mbili zimenyeshewa. Kocha sasa amekwenda kuwaandikisha. Alilipa kwa pesa zake, na sisi wa AVEC tukamrudishia nusu.

Nina neno lingine, na hili ni la binti zetu. Nilipoona wanaume wamekuwa wapole niliwauliza: Mazembe ya wanawake, mwaka huu wamuache nani, wamshike nani? Kimya. Novemba 2024 wanawake wa Mazembe walichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika huko Morocco, wakiifunga AS FAR 1-0. Kati ya wale wanaume kumi hakuna aliyeweza kutaja wachezaji watatu. Basi kama mna binti anayecheza, jueni kwamba tangu Januari 2021 FIFA imeweka sheria ya uzazi: mchezaji mwenye mimba anapewa likizo ya majuma 14 kwa uchache, nane kati yake baada ya kuzaa, na analipwa si chini ya theluthi mbili za mshahara. Klabu haina ruhusa ya kumvunjia kontra kwa sababu ya mimba. Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland aliishitaki Olympique Lyonnais ya Ufaransa kwa mishahara yake ya wakati wa mimba, na FIFA ikaamuru alipwe zaidi ya euro 82,000. Hiyo ni klabu kubwa kabisa ya Ulaya. Wanaume walisikiliza mpaka mwisho, kisha mmoja akauliza kama huyo Sara anacheza mbele au nyuma. Ni kiungo.

Yule mtu wa simu mbili alirudi siku ya gari. Dada yangu alimrudishia karatasi zake na bahasha yake, pesa zote zikiwa ndani, zimehesabiwa mbele ya kocha. Alimwambia, kama ekipi inamtaka mtoto kweli, ilete karatasi ya Kifaransa, yenye miaka isiyozidi mitatu, yenye mshahara ulioandikwa kwa tarakimu, na yenye shule, na ingoje afikishe miaka 18. Aombe pia aione leseni yake. Mtu yule alisema kuna mtoto mwingine mtaa wa pili ambaye mama yake amekwisha kutia sahihi. Labda ni kweli. Kama ni mmoja wenu, njoo na karatasi hiyo siku ya mkutano, tuisome pamoja kabla gari halijaondoka tena. Motari amekubali kuja. Ameomba tu soda.

Mtoto mwenyewe alikasirika. Siku nne hakusema na mama yake, akila amegeukia ukuta. Siku ya tano alikwenda mazoezini, na jioni akamwuliza baba yake ni miezi mingapi imebaki kufika miaka 18. Baba yake akamhesabia kwa vidole.

Huko kwa kinyozi, kama mnavyofikiri, sasa wanabishana juu yake. Nusu wanasema dada yangu ameua bahati ya mtoto. Nusu wanasema ameongeza bei. Kinyozi anamweka dolari elfu mbili, motari anasema si chini ya elfu kumi, mzee wa Mputu anasema asiuzwe kamwe, abaki akue. Jana dada yangu alikuja kuchukua kikwembe chake nilichokuwa nimekishona, akawakuta katikati ya hesabu hizo. Akawasikiliza kidogo. Kisha akawauliza kama kati yao yuko anayetaka kuanza na minerval ya Septemba.